Mbwa Anayekimbia Bismillahi

Jumamosi, 26 Aprili

Kifuniko cha sufuria tena. Hemedi alisimama kule kwenye choo cha nje na mwiko, mimi huku kwenye tangi la maji na kibakuli cha maini. Anagonga, Tende anainua masikio, nampa kipande. Anagonga, nampa. Tulikuwa tumesogea hadi kwenye kamba ya nguo mvua ilipotukatisha.

Kitabu cha maktaba ya shule kinasema uanze kwa mbali na kwa sauti ndogo, usogee polepole, na mbwa akiogopa usimbembeleze, umlishe tu kana kwamba hakuna lililotokea. Kimeandikwa na Wazungu. Picha zake zote zina ukungu na watu waliovaa viatu vya mpira. Sina kingine cha kufuata.

Hemedi ni mdogo wangu. Yuko darasa la tatu na hafanyi kazi bila ujira. Leo kachukua andazi langu la chai.

Tende hakukimbia hata mara moja. Nimefurahi mno, Jiografia imenishinda kusoma.

Jumapili, 27 Aprili

Niandike mambo yalivyo, maana kichwani yanazunguka tu.

Tende si wangu. Ni wa Ami Seif, mdogo wake baba, tunayeishi naye hapa kwa Bibi. Ami ana duka la nati na bolti Mbagala Rangi Tatu, lakini akili yake iko porini. Kila mwaka msimu ukifunguliwa Julai anakata leseni, anakwenda na rafiki yake Bwana Mgonja kuwinda kanga na kware kwenye mashamba ya ng'ambo ya Kisarawe. Mbwa wa Bwana Mgonja alizaa, Ami akachukua mtoto mmoja, ndiye Tende. Mama mtu ni wa kizungu hasa, wa kuokota ndege aliyepigwa risasi. Baba mtu, anasema Bwana Mgonja, ni mwananchi wa kawaida.

Bibi alikataa. Nyumba yetu haijawahi kufuga mbwa. Mate yake ni najisi; yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Ami akamwambia mbwa wa kuwinda ameruhusiwa. Bibi alilijua hilo kabla Ami hajazaliwa. Akasema: mbwa wa kazi, sawa. Mbwa wa pambo, hapana.

Februari Ami akampeleka shamba kumzoesha bunduki. Mtoto bado. Akampigia mlio juu ya kichwa kama alivyoona wengine wakifanya. Tende alirudi amebebwa, amejikojolea, akakaa chini ya tangi la maji kutwa nzima bila kula.

Bibi ametoa muda mpaka msimu ufunguliwe. Kama hawezi bunduki, si mbwa wa kazi, aondoke. Bwana Mgonja kashapata mtu wa kumchukua, mwenye ghala la vyuma chakavu kule Tandika. Mbwa wa ghala lile nimewaona nikienda kwa shangazi. Minyororo mifupi. Mmoja ana kidonda shingoni, nzi wamejaa.

Ndiyo maana nilisema nitamfundisha mimi. Tulikuwa tumezunguka sinia. Wote wakanitazama, mikono hewani. Mimi huwa sisemi kitu wakati wa kula.

Jumamosi, 3 Mei

Kifuniko sasa tunagonga hatua chache kutoka puani kwake. Anatazama kibakuli, hatazami kifuniko. Hemedi ameanza kuona wivu. Anasema maini yale angekaangiwa yeye.

Mikono yangu imekauka kwa kuoshwa. Nimeweka kopo la udongo msafi pale bombani. Bibi anachungulia dirishani kuhakikisha naosha sawasawa. Nikikosea naanza upya.

Jumatano, 7 Mei

Jaribio la Kemia, vibaya. Bodaboda imelipuka bomba la moshi hapo nje kwenye kona. Tende alishtuka, akanigeukia mimi. Akasubiri ini lake. Nikampa. Siku nzuri.

Jumapili, 11 Mei

Harusi mtaa wa pili. Spika zimepangwa kama ukuta, singeli tangu asubuhi, madirisha yanatetemeka. Mchana wakapiga fataki. Bibi alisema kuna siku watu hawa wataiangusha nyumba yake. Tende alilala tumbo juu mbele ya kibaraza, chini ya ngazi. Zamani alikuwa hatoki nyuma ya nyumba kabisa. Siku hizi anakuja huku mbele, akijua mpaka wake.

Nilimwonyesha Ami. Alikaa akamtazama muda mrefu. Akasema wiki ijayo tunakwenda shamba.

Nilitaka kumwambia tungoje kidogo. Sikusema. Ninaona aibu hata nikiwa na hoja.

Jumapili, 18 Mei

Imeharibika.

Tulikuwa watatu shambani, Ami, Bwana Mgonja na mimi, pamoja na mbwa. Ami akaweka kopo juu ya kisiki, msimu bado, kwa hiyo ni shabaha tu. Tende akaketi kushoto kwake, ametulia. Mimi nyuma na maini. Ami akainua bunduki, akasema Bismillahi, na Tende akaondoka. Mlio ulimkuta yuko katikati ya mihogo. Tulimtafuta mpaka jua likawa kali. Tulimkuta ndani ya mfereji, amejikunja, anatetemeka hadi meno.

Bwana Mgonja alicheka. "Shehe Seif, hii si mbwa wa ndege, hii ni mbwa wa riadha!" Kisha akasema Tende ameiona bunduki ikiinuliwa, ndiyo sababu alikimbia mapema. Ana macho makali, kama mama yake.

Ami hakucheka. Njiani kurudi Tende alilaza kichwa juu ya kiatu changu, na mimi nikatazama nje. Nilikuwa nimejivuna bure.

Jumatatu, 19 Mei

Fimbo ya fagio. Nimeiinua begani kama bunduki, mara nyingi, huku na huku. Tende hajali. Kaileta hata soksi yangu akidhani tunacheza. Sielewi.

Jumatano, 21 Mei

Jambo baya zaidi.

Baada ya Alasiri Bibi alitoka kibarazani na kahawa yake. Tende kalala chini ya ngazi. Bibi masikio yamepungua siku hizi, na anachosema anakisema kwa sauti ya kufika barabarani. Akamimina kahawa, akalivuta neno, "Bismillaaahi," na Tende akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaingia chini ya tangi.

Bibi akakiweka kikombe chini. Akainuka, akashuka ngazi, akasimama mbele ya tangi. Akasema tena, makusudi, akimtazama. Tende akajisukuma nyuma mpaka ukutani, na nikaona mkojo unatoka.

"Astaghfirullah," alisema Bibi. "Mmemwona? Mnyama gani anakimbia jina la Mola wake?"

Mama alijaribu kusema labda kashtuka usingizini. Bibi akaingia ndani. Kahawa hakuinywa. Nimekaa na Bibi maisha yangu yote na sijawahi kumwona akiacha kahawa.

Alhamisi, 22 Mei

Hemedi kaeneza madrasa nzima. Jioni watoto walipanga mstari kwenye ukuta wetu na kupiga kelele zote pamoja, "Bismillaaahi," wakiiga sauti ya Bibi. Tende chini ya tangi. Nilitoka kuwafukuza, sauti yangu ikagoma kutoka, nikasimama tu pale na fagio. Wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, huyo anafugwa na majini, muulize hata mwalimu."

Nilimpiga Hemedi kofi. Najuta. Analia, anasema yeye alisimulia tu alichokiona.

Bibi kamwambia Ami hasubiri tena Julai. Bwana Mgonja aje Jumamosi na kamba.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepata! Au nadhani nimepata. Niandike kwa utaratibu.

Mchana baada ya shule niliketi karibu na tangi nikala muhogo wa kuchoma. Nilisema Bismillahi kwa sauti yangu, ya chini, kama ninavyoisema siku zote. Tende alikuwa kichwa nje. Hakufanya kitu. Alitazama muhogo.

Nikashangaa. Kama ni jini, linachagua sauti?

Nikakumbuka shamba. Ami alisema neno, Tende akaondoka, kisha ndipo mlio. Bunduki ilikuwa tayari begani na Tende alikuwa bado ameketi. Sasa nikafumba macho nikamsikiliza Ami kichwani. Anaivuta. "Bismillaaahi," anapandisha katikati na kuishusha mwishoni. Vile vile kabisa kama Bibi. Kaipata kwake, bila shaka, tangu anajifunza kula.

Na Ami haachi kuisema kabla ya kufyatua. Lazima aiseme, ndiyo nyama iwe halali. Basi ile siku ya Februari, Tende mdogo, amesimama miguuni pake: neno, halafu dunia ikapasuka. Neno, halafu ikapasuka. Mimi nimemzoesha mlio kwa wiki zote hizi na sikuwahi hata siku moja kumtangulizia neno.

Nilijaribu mara moja tu. Nikaiga sauti ya Ami. Tende akatoweka mpaka ukutani. Nilijisikia mshenzi. Nilimwachia muhogo wote.

Haogopi jina. Anajua kinachofuata.

Sasa nani atalisema hili? Nitamwambiaje Bibi kwamba neno lake la kila saa, sisi wenyewe tumeligeuza kuwa mjeledi? Nimeandika maneno ya kusema nyuma ya daftari la Fizikia. Nimeyafuta. Nimeandika tena.

Jumamosi, 24 Mei

Nimesema.

Bwana Mgonja alikuja mapema na kamba ya katani begani, akamwamkia Bibi, akapewa kiti. Ami amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mama anakaanga vitumbua na kujifanya hasikilizi. Tende alikuwa anamlamba Bwana Mgonja kiatu, mjinga kabisa.

Nilisimama pale kati ya ngazi na tangi na yale niliyoyaandika yote yalipotea. Nikasema, "Bibi, naomba kusema." Halafu nikanyamaza. Bwana Mgonja akasema, "Sema mama, sisi si polisi." Nikaeleza hovyo hovyo, mwisho mwanzo, mwanzo mwisho. Nikasema haikimbii Bismillahi ya Mama wala ya Hemedi wala yangu. Anaikimbia ya Bibi kwa sababu ni sawa na ya Ami, na ya Ami ina bunduki nyuma yake.

Vitumbua vinachemka kwenye mafuta.

Bibi akamgeukia mwanawe. "Kumbe shetani ni Seif."

Bwana Mgonja alicheka hadi akainuka kwenye kiti. Ami akasema, "Mama, lakini mimi nimeipata kwako."

"Mie niliipata kwa mama yangu, na kwake paka walikuwa wakija, hawakimbii."

Halafu uso wake ukabadilika. Akasema taratibu, si kwa ukali, "Umekifunza kiumbe kisicho na dhambi kuliogopa jina la Mwenyezi Mungu, Seif." Ami aliinamisha kichwa. Mtu mzima, ana mvi kidevuni. Nilitamani nisiwepo.

Bwana Mgonja akashauri Ami awe anasema moyoni tu, mambo yaishe. Ami akasema inawezekana. Bibi akauliza, "Na mimi je, ninywe kahawa kimya kimya kwa ajili ya mbwa? Hapana. Ajifunze. Kila aliyeingia nyumba hii amejifunza."

Bwana Mgonja aliondoka na kamba yake na vitumbua vinne kwenye gazeti. Muda umerudi pale pale, mpaka msimu ufunguliwe.

Sijawahi kuongea hivyo.

Jumapili, 25 Mei

Tumeanza. Tende hali chakula chochote isipokuwa kwa Bismillahi. Naanza na sauti yangu mwenyewe, asiyoiogopa, na kuivuta kidogo tu. Uji wa dona na vichwa vya dagaa. Neno, kisha bakuli. Polepole kama kupandisha redio.

Jumatano, 28 Mei

Nimeivuta mpaka nusu ya Ami. Masikio yalikwenda nyuma, mwili ukajishusha. Lakini pua ilibaki inanusa. Alikula.

Jumapili, 1 Juni

Leo Ami mwenyewe. Alisimama mbali, kwenye geti, akaisema kwa upole, nami nikatoa bakuli. Tende aliingia chini ya tangi. Alibaki na pua nje. Tukangoja. Kitabu kinasema usimwite. Ami hajui kungoja. Alikuwa anahema kama anayebeba gunia. Mwishowe Tende akatoka kwa tumbo, akala nusu, akarudi.

Ami alisema, "Mwanangu, nilidhani ni kumpigia tu mlio, basi." Nikamwambia nami nilidhani ni kumgongea vifuniko tu. Tulicheka. Kwa kawaida mimi na Ami tunasalimiana tu, shikamoo, marahaba, hujambo, basi.

Jumanne, 3 Juni

Bibi kaingia kazini.

Sikumwomba. Asubuhi baada ya uji alitoka na upawa wenye mpini mrefu, ule wa kupakulia pilau ya shughuli, ambao sasa anasema haurudi tena jikoni. Ndani yake vichwa vya dagaa. Akakaa ngazi ya juu, akakunja baibui lisiguse kitu, akanyoosha upawa mpaka chini. "Bismillahi." Kwa sauti ndogo. Sikujua kuwa Bibi ana sauti ndogo.

Tende alimtazama sana. Akaja.

"Hana adabu," alisema Bibi, "anakula bila kusubiri." Kesho atarudi, nimemwona ameuficha upawa nyuma ya mtungi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Shule imefungwa pia, kwa hiyo raha mbili.

Nyama, wageni, jasho. Marafiki wa Bibi walikaa sebuleni kwenye sinia, mlango wazi kwa ajili ya upepo. Bibi akainyanyua sauti yake kamili, ile ya barabarani: "Bismillaaahi, karibuni." Na Tende akatokea mbio kutoka nyuma, akapita chini ya kamba ya nguo, akaja kuketi kizingitini. Mkia unafagia sakafu. Udenda unaning'inia.

Walipiga mayowe. Mabaibui yalivutwa juu, Bi Mwanaidi akapanda kochi, na Bi Mwanaidi ana matatizo ya magoti. "Mtoeni! Mtoeni! Udhu wangu!"

Bibi hakuinuka. "Mwacheni, hatavuka. Kasikia Bismillahi kaja. Wajukuu zangu nawaita mara tatu." Akanitazama mimi na Hemedi. "Huyu mara moja."

Nilimtoa, nikaenda kucheka nyuma ya tangi mpaka machozi. Nikaosha kizingiti, mara saba.

Jumatatu, 9 Juni

Kicheko kimekwisha, nina tatizo. Sasa neno maana yake chakula. Akienda shamba, Ami akisema neno, Tende atamrukia kudai bakuli, bunduki mkononi. Hatari kuliko kukimbia. Nimekosa usingizi kidogo.

Lazima aketi kwanza. Neno, aketi, angoje, ndipo apate. Nimemweleza Bibi. Akasema hivyo ndivyo alivyosema yeye tangu siku ya kwanza, hana adabu.

Jumapili, 15 Juni

Neno, keti. Neno, keti. Bibi na upawa wake hampi kitu makalio yakiinuka hata kidogo. Mkali kwake kuliko kwangu nilipokuwa najifunza Juzuu Amma.

Jumamosi, 21 Juni

Neno la Ami kwa sauti kamili, Tende ameketi, kisha Hemedi na kifuniko. Sasa vimeunganika: neno, mlio, chakula. Alitetemeka ngozi ya mgongoni mara moja. Hakusogea.

Hemedi amesema, "Mie ndo kocha msaidizi." Nimemkubalia. Na lile kofi nimemwomba radhi. Alikuwa ameshasahau, akakumbuka, akadai andazi.

Jumatano, 2 Julai

Msimu umefunguliwa jana. Ami kapata leseni. Jumamosi.

Siwezi kusoma. Nikisoma naona minyororo ya Tandika. Bwana Mgonja alipiga simu kuuliza kama aje na kamba, kwa mzaha. Sikuona mzaha wowote.

Jumamosi, 5 Julai

Nimerudi. Nina vumbi mpaka kwenye kope.

Baridi asubuhi, majani marefu yamelowa. Kanga walikuwa wanaita upande wa pili wa mikorosho. Ami mbele, Tende kushoto kwake, mimi na Bwana Mgonja nyuma kabisa kama tulivyoagizwa. Mfukoni maini.

Kanga wakaruka. Bunduki juu. "Bismillaaahi."

Tende akaketi.

Akageuza kichwa kunitafuta mimi, na mlio ukaja akiwa ananitazama. Niliuona ukimpiga. Mwili mzima ulibonyea kama nyasi zikipitiwa na upepo. Macho yakawa meupe. Nilitaka kumwita, nikauma ulimi. Miguu ya nyuma ikainuka. Ikakaa tena.

Nilikwenda polepole nikampa ini. Akalichukua, akaliangusha, akaliokota. Akala.

Bwana Mgonja hakufanya utani. Alisema tu, "Aisee."

Mara ya pili alitetemeka kidogo. Mara ya tatu aliketi vizuri, na kanga alipoanguka Ami akamtuma. Akaenda mbio, akamfikia, akamzunguka, akasimama juu yake. Hakumleta. Hajui kama anatakiwa kumleta; hilo hatukumfundisha hata siku moja, tulikuwa na mambo mengine. Akasimama pale, kifua mbele, mpaka tulipomfuata kwa miguu.

"Anamlinda kama askari wa benki," alisema Bwana Mgonja, sasa akicheka. Ami alinishika kichwa, akanitikisa kidogo. Niliona macho yake yamelowa, akasingizia baruti.

Tuliporudi Bibi alikuwa getini. Aliuliza mambo mawili. "Alikimbia?" Hapana, Bibi. "Alileta?" Hapana. Alimlinda kanga.

Akaingia ndani. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Jumapili, 6 Julai

Pilau ya kanga. Nyama ngumu, tamu. Nilipata marisau moja kwenye jino, punje ndogo ya risasi, nikaitema kwenye sahani, ikalia. Tende hakuja mlangoni. Alingoja pale chini ya ngazi, ameketi, mpaka upawa ulipomfikia.

Hakuna aliyetaja Tandika. Naogopa kuwa wa kwanza kuitaja.

Jumapili, 13 Julai

Ami hakufungua duka leo. Ameleta mbao za makasha na vipande vya bati vilivyobaki tulipoezeka jiko, anajenga kibanda kando ya ukuta. Mimi nashika misumari. Tende kalala kwenye vumbi la mbao, karibu kiasi kwamba nyundo ikipiga, vumbi linamrukia puani. Anapiga chafya, analala tena.

Jua la mchana, watu wamelala. Tulikuwa tumebakiza mlango. Bibi alitoka kibarazani, akajikinga macho kwa kiganja, akatazama kazi yetu muda mrefu. Nilishika misumari kwa nguvu mpaka ikanichoma.

"Seif, mlango mmeuelekeza wapi?"

Ami akamwonyesha. Huku, kwenye kivuli.

"Geuzeni. Mvua za vuli zinapigia upande huo, atalowa."

Akarudi ndani kulala. Ami akanitazama, nami nikamtazama. Tukaanza kung'oa misumari.